Mzazi Akihama Jimbo, Ada ya Mwanawe Inabaki Wapi?



Katika safu za misikiti yetu ni nadra siku hizi kumkosa mtu mwenye mwana, ndugu au mpwa anayeishi Marekani. Wako waliokwenda kwa bahati nasibu ya viza, wako waliochukuliwa kutoka kambi za wakimbizi, na wako waliotangulia kwa masomo kisha wakabaki kwa kazi. Anapotaka mmoja wao kuhama kutoka jimbo moja kwenda jingine, kwa kawaida hupiga simu nyumbani kuomba shauri na dua. Nasi aghalabu humjibu upesi kwamba afuate riziki ilipo. Jibu hilo lina wema ndani yake, lakini lina upungufu mkubwa iwapo aliyepiga simu ana mtoto anayesoma chuo kikuu cha umma katika jimbo analolihama. Upungufu huo ndio tunaoukusudia mwezi huu, na tunakiri mapema kuwa mwandishi wa safu hii ni miongoni mwa waliowahi kutoa shauri la namna hiyo bila ya kuuliza.

Jambo lenyewe linahitaji maelezo, kwa sababu halina mfano kwetu. Kijana aliyetoka Mtwara na yule aliyetoka Kagera, wakiingia fani moja katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hulipa ada moja. Marekani si hivyo. Vyuo vikuu vya umma huko ni vya majimbo, si vya serikali ya shirikisho, na kila jimbo katika hayo 50 huvitilia fedha zitokanazo na kodi za watu wake. Kwa hiyo jimbo huona ni haki mtoto wa mlipa kodi wake alipe kidogo, na anayetoka jimbo jingine, japo ni raia wa nchi hiyo hiyo, alipe zaidi sana. Wa kwanza huitwa mkazi na wa pili huhesabiwa mgeni. Kwa mujibu wa College Board, taasisi inayokusanya takwimu za ada kila mwaka, wastani wa ada katika vyuo vya umma vya miaka minne kwa mwaka wa masomo wa 2024/25 ulikuwa dola 11,610 kwa mkazi na dola 30,780 kwa mgeni. Tofauti yake ni dola 19,170 kwa mwaka mmoja, kabla ya chakula na malazi. Katika Chuo Kikuu cha California, nyongeza peke yake aliyotozwa mgeni aliyeanza mwaka huo ilikuwa dola 34,200. Mzazi anayehama kwa ajili ya mshahara unaozidi wa zamani kwa dola elfu kumi, kisha mwanawe akapoteza ada ya mkazi, amehama kwa hasara. Na pengo hilo huzibwa kwa mkopo wa riba, jambo ambalo hatuhitaji kulirefushia maneno mbele ya wasomaji wetu.

Je, jimbo hujuaje nani mkazi na nani mgeni? Hutazama mambo mawili: kuwapo kwa mwili katika jimbo kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni miezi 12, na nia ya kulifanya jimbo hilo kuwa makao ya kudumu. Wanafunzi wetu wa fiq-hi hawatashangazwa na hili, kwani wamekwisha kuzoea kumtofautisha msafiri na mkaaji kwa muda na kwa nia. Lakini kadhi wa huko hatosheki na nia iliyo moyoni; anataka karatasi. Aidha, kijana ambaye bado anawategemea wazazi wake hatazamwi yeye, bali hutazamwa wazazi. Wao wakiwa wakazi, naye ni mkazi. Wakiondoka, katika baadhi ya majimbo hadhi yake huweza kuanza kuondoka pamoja nao, ilhali yeye hajatoka hata chumbani mwake bwenini. Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama, kwa kuwa hudhani mtoto aliyekwisha kuandikishwa kama mkazi atabaki hivyo mpaka ahitimu.

Jamaa yetu mmoja alikuwa akiishi Columbus, mji mkuu wa Ohio, akifanya kazi ya ghala. Mwezi wa Juni alipata kazi yenye mshahara bora Minnesota, akahama na mkewe na watoto wadogo. Mwanawe mkubwa alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa uhandisi katika chuo cha umma cha Ohio, akabaki huko na kuhamia nyumbani kwa shangazi yake. Mwaka wa tatu alipunguza masomo yasiwe ya muda wote, lakini aliendelea kutozwa ada ya mkazi, na wote wakaona mambo ni salama. Kila mwisho wa mwezi baba alimpelekea mwanawe dola 500 kwa njia ya benki, kama anavyotakiwa mzazi yeyote mwenye uwezo. Mwezi wa Mei ikaja barua kwamba kuanzia mwaka unaofuata kijana atahesabiwa mgeni, isipokuwa akithibitisha vinginevyo. Akaomba, akaambiwa alete taarifa za benki za miezi 12. Alipozileta, ombi lake likakataliwa, na kilichomkatalia ni zile dola 500 za baba.

Tulipoisikia habari hiyo tulidhani ni uonevu. Tuliposoma kanuni yenyewe tuliona kuwa ofisi haikukosea, na kuwa sisi wenyewe ndio tuliokosa kuuliza.

Kanuni ya Ohio juu ya ukazi wa wanafunzi ina milango kadhaa, nasi tutaitaja miwili. Mlango wa kwanza ni wa mwanafunzi ambaye mmoja wa wazazi wake, au mlezi wake wa kisheria, amekuwa mkazi wa Ohio kwa miezi 12 au zaidi kabla ya masomo kuanza. Wa pili ni wa mwanafunzi ambaye yeye mwenyewe amekuwa mkazi kwa miezi 12 mfululizo, na katika miezi hiyo hakupokea, moja kwa moja wala kwa kuzunguka, msaada wa fedha kutoka kwa mtu au taasisi isiyo ya Ohio. Kisha kanuni hiyo hiyo inasema kuwa mwanafunzi tegemezi aliyekwisha kuingia kwa mlango wa kwanza, wazazi wake wakiondoka jimboni, anabaki mkazi maadamu anasoma muda wote bila ya kukatisha mpaka amalize shahada moja; na kwa wengine, kuondoka kwa mwanafunzi au wazazi wake hakuhesabiwi kuwa ni kuuacha ukazi kwa muda wa miezi 12.

Iangalie vizuri hesabu hiyo, ndugu msomaji. Kwa asiyesoma muda wote, muda wa msamaha ni miezi 12. Muda ambao kijana anatakiwa athibitishe kuwa anajitegemea nao ni miezi 12. Maana yake ni kwamba siku baba anapoondoka, saa mbili huanza kwenda kwa pamoja: moja inamaliza hadhi ya zamani, na nyingine inajenga hadhi mpya. Kijana aliyeanza kujitegemea siku hiyo hiyo atafika mwisho wa ile ya kwanza akiwa na ya pili mkononi. Aliyepelekewa fedha na mapenzi ya mzazi kila mwezi atafika mwisho akiwa mikono mitupu, na itambidi aanze kuhesabu upya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu. Aliacha masomo mwaka mzima, akafanya kazi ghalani, akakataa kila shilingi ya baba yake (na baba akaona kama anatupwa), ndipo alipokubaliwa tena kuwa mkazi. Mwaka mmoja wa umri wake ulikwenda hivyo.

Ni vigumu kwa mzazi wa kwetu kulikubali hili. Tumelelewa tukijua kuwa matunzo ya mtoto ni wajibu wa baba, na kumwacha mwana ajitafutie ilhali baba yuko hai na ana kazi ni jambo la aibu mbele ya watu. Lakini sheria hiyo haimkatazi baba kumtunza mwanawe. Inasema tu kwamba anayetunzwa na mtu wa Minnesota ni wa Minnesota. Na katika maneno yake kuna nafasi ambayo jamaa zetu hawakuiona: kinachozuiwa ni msaada wa wasio wakazi wa Ohio. Shangazi aliyebaki Columbus alikuwa mkazi, na chakula na chumba alichompa mpwawe havikumdhuru. Lau baba angeelewa mapema, angeweka akiba zile fedha zake, na kijana angeishi kwa shangazi na kwa mshahara wake wa saa chache za jioni, kwa miezi 12 tu. Tunasema hivi kwa tahadhari. Fedha za baba zikipitishwa kwa shangazi ili zionekane ni zake, huo ni udanganyifu, na kanuni imekwisha kuufunga mlango huo kwa maneno yake ya kupokea kwa kuzunguka.

Nafasi nyingine ni ile ya mmoja wa wazazi. Iwapo baba atatangulia na mama akabaki Ohio kwa ukweli, anaishi hapo na analipa kodi hapo, mlango wa kwanza haujafungwa. Hatuwashauri watu kutengana nyumba kwa ajili ya ada, maana ndoa nayo ina gharama zake zisizoandikwa katika ankara. Lakini kijana akibakiza mwaka mmoja, na wadogo zake wanataka kumaliza darasa lao walipo, ni jambo la kufikiriwa kabla ya kufunga mizigo.

Yaliyotangulia ni ya Ohio. Hatari kubwa katika mas'ala haya ni mtu wa jimbo moja kumfundisha wa jimbo jingine kwa kiasi cha alivyoona kwake. Florida nayo inatoa msamaha wa miezi 12 kwa mwanafunzi aliyepoteza ukazi wakati anasoma kwa sababu wazazi wake wamehamia kwingine, na miezi hiyo ikimalizika katikati ya muhula, msamaha unaendelea mpaka muhula uishe. California ina kifungu kinachomlinda kijana ambaye wazazi wake, baada ya kuwa wakazi kwa mwaka mmoja au zaidi, walihama yeye akiwa bado hajatimiza miaka 18: anabaki mkazi mpaka afikie utu uzima na akae muda wa kutosha kuwa mkazi kwa nafsi yake, kwa sharti asikatishe masomo. Chuo Kikuu cha Michigan kina utaratibu wake chenyewe, na humo hutazamwa kama kijana alikuwa amemaliza walau mwaka wa tatu wa sekondari ya juu kabla ya wazazi kuondoka, kama alibaki Michigan akisoma muda wote, na kama hakuchukua hatua ya kujenga makao kwingine.

Texas ndiyo iliyo tofauti zaidi. Sheria yake ina njia isiyomtazama mzazi kabisa: kijana aliyehitimu sekondari Texas, akawa ameishi humo mfululizo miaka 3 kabla ya kuhitimu na mwaka mmoja kabla ya kuanza muhula, ni mkazi, hata wazazi wake wawe wamehamia wapi. Njia hiyo ilianza mwaka 2001 na iliwafikia hata wasiokuwa na hati za ukazi wa nchi, lakini Juni 2025 mahakama ya shirikisho iliiondoa kwao. Wenye hati halali bado inawahusu. Familia ya Houston inayohama wakati mtoto amekwisha kuhitimu sekondari hapo haimo katika hali moja na familia ya Columbus, japo zote mbili zilipanda ndege moja kutoka Nairobi.

Msomaji ataweza kuuliza: je, jimbo lina haki ya kumwambia kijana kuwa ni mgeni na kumfungia mlango moja kwa moja? Jibu ni hapana, na jibu hilo lina zaidi ya miaka 50. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Vlandis v. Kline. Jimbo la Connecticut lilikuwa na sheria kwamba mwanafunzi aliyeomba chuo akiwa nje ya jimbo atabaki mgeni kwa muda wote wa masomo yake, hata alete ushahidi gani. Mmoja wa walioshitaki, Bi. Kline, alikuwa ameomba akiwa California, kisha akaolewa na mtu wa Connecticut na kuhamia huko. Alikuwa na leseni ya udereva ya Connecticut, gari lake limesajiliwa huko, naye amejiandikisha kupiga kura huko. Mahakama ilisema kuwa jimbo linaweza kuweka masharti na muda wa kungoja, lakini haliwezi kuifanya dhana ya ugeni isiyokubali kupingwa kwa ushahidi. Kwa hiyo barua inayosema kijana amekuwa mgeni si mwisho wa maneno. Kuna ombi la kubadilishiwa hadhi, na kwa kawaida kuna rufaa baada yake, na kila kimoja kina tarehe yake ya mwisho. Vijana wengi huikunja barua na kuitia mfukoni kwa kuogopa kumwambia baba. Tarehe ikapita.

Ushahidi unaotakiwa ni wa kawaida sana, na kwa ukawaida wake huo ndio maana huharibika bila ya mtu kutambua. Kijana wetu huenda kwa wazazi likizo ya miezi mitatu ya kiangazi, na hilo peke yake si neno. Lakini akifika, baba anamtaka abadilishe leseni ya udereva iwe ya jimbo jipya ili bima ya gari iwe rahisi. Anapata kazi ya muda na kuijazia fomu ya kodi kwa anwani ya huko. Benki inaandika anwani ya wazazi. Baba naye, akijaza fomu yake ya kodi ya mapato, anamtaja mwanawe kuwa ni mtegemezi wake. Kila kimoja kina sababu njema, na vyote vikikusanywa mezani kwa msajili vinasema neno moja: huyu ameondoka. Anayetaka kubaki mkazi wa jimbo la chuo chake na abaki nalo katika leseni, katika kodi, katika mkataba wa pango na katika anwani ya benki.

Hapa tunaweka onyo kali. Uandikishaji wa kupiga kura hutajwa mara nyingi kuwa ni dalili ya ukazi, kama tulivyoona kwa Bi. Kline. Dalili hiyo ni ya raia peke yao. Asiye raia, hata akiwa na kibali cha ukazi wa kudumu, akijiandikisha kupiga kura ili aupate ushahidi wa ada, amejitia katika kosa linaloweza kumfukuzisha nchini. Kadhalika aliyekwenda kwa viza ya masomo kwa kawaida hawezi kujenga ukazi wa namna hii hata akae miaka mingapi, kwa kuwa viza yake yenyewe inasema atarudi kwao. Wakimbizi waliopokewa rasmi na wenye ukazi wa kudumu wao wanaweza.

Fomu ya FAFSA, ambayo mwanafunzi huijaza kuomba msaada wa masomo, nayo huuliza jimbo la ukazi la wazazi, na chuo huliona jibu. Mtu asidhani kuwa kuhama kutafichika. Wala asichanganye mambo: kwa FAFSA mwanafunzi wa shahada ya kwanza huhesabiwa mtegemezi mpaka atimize miaka 24, ila akiwa ameoa au kuolewa, ana mtoto anayemlea, au ana udhuru mwingine uliotajwa humo, lakini kuhesabiwa hajitegemei au anajitegemea katika fomu hiyo si hukumu ya ukazi katika jimbo. Kadhalika ruzuku ya Pell, ambayo ni ya shirikisho na kikomo chake kwa mwaka 2024/25 kilikuwa dola 7,395, humfuata mwanafunzi popote. Ruzuku za majimbo kwa kawaida hazimfuati. Yuko kijana anayeweza kubakishiwa ada ya mkazi kwa muda wa msamaha, na ruzuku ya jimbo ikaondoka siku ile ile wazazi walipoondoka. Hayo huulizwa mbalimbali, katika ofisi mbili.

Wenye watoto au waume jeshini wana hali yao. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2008 inavitaka vyuo vya umma kumtoza askari aliye kazini, mwenzi wake na watoto wake tegemezi ada ya mkazi katika jimbo alilopangiwa kituo, na mtoto akishaanza masomo anaendelea na ada hiyo hata kituo kikihamishwa, maadamu hakatishi masomo.

Jamaa yetu wa Minnesota alitupigia simu tena mwezi uliopita. Kijana wake anamalizia masomo Ohio kwa jina lake mwenyewe, lakini binti yake ameanza mwaka wa kwanza katika chuo cha umma cha huko Minnesota, na baba ameitwa kwenye kazi bora zaidi katika jimbo la tatu. Safari hii tulimjibu kwa maswali. Binti ana umri gani siku ya kuhama? Alihitimu sekondari wapi? Mama anaweza kubaki mpaka lini? Chuo kinatoa msamaha wa muda gani, na muda huo unaanza kuhesabiwa tarehe ya kuhama au tarehe ya muhula? Ruzuku ya jimbo itakuwaje? Na nani atamlisha? Tulimwomba ayaandike kwa ofisi ya msajili, si kwa simu, ili jibu nalo lije kwa maandishi. Ameyapeleka. Jibu halijaja bado, naye hajaitoa nyumba.